Majina ya Kilio cha Mzee Kalenga

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tangu asubuhi. Faili la lile kundi la msituni limerudi tena kutoka Kinshasa. Wanauliza: tuwaite magaidi au majambazi tu? Mkuu wangu anasema mashambulizi yapo, vitisho vipo, nia ipo. Kinachokosekana ni wanachama. Bila majina faili ni jepesi, na anayeliandika ni mimi.

Jumatano, 5 Machi
Mkuu ameniuliza tena majina. Nimechoka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata. Mwezi uliopita tulimlilia Mzee Kalenga, jirani yetu, ambaye zamani aliwahi kutembea na wale watu wa msituni. Kila aliyefika kwenye kilio aliandika jina katika daftari la rambirambi, kama kawaida yetu. Nimeenda kwa mjane wake. Amenipa daftari bila kuuliza, akaniletea na chai. Wengi humo walikuja kumlilia jirani tu, najua. Nimenakili. Juu ya karatasi nimeandika: "Wanaoshukiwa kuwa wanachama."

Jumanne, 11 Machi
Kikao cha kamati. Hakuna aliyeuliza majina yametoka wapi. Mkuu amenisifu mbele ya wote. Nimefurahi. Naona haya kuliandika hilo.

Ijumaa, 28 Machi
Redio imetangaza. Sasa ni magaidi kisheria.

Jumatatu, 31 Machi
Wamemkamata Ilunga, fundi wa friji, mume wa dada yangu. Dada amekuja ofisini, macho mekundu, akaniita yaya, mkubwa wake, kama tangu utotoni.
"Yaya, Ilunga alienda kulia muntu tu. Na weye ulikuwa pale."
Nikamwambia nitaulizia. Mwoga mkubwa mimi. Jina lake nililiona wakati wa kunakili nikaliandika hivyo hivyo, eti orodha iwe ya kweli.

Alhamisi, 3 Aprili
Nimemweleza mkuu kwamba Ilunga si mwanachama. Hakukasirika.
"Kutoa jina iko procédure. Mwenye aliliweka anaandika barua, anasema alilitoa wapi."
Kuliingiza hakukuhitaji barua.

Jumapili, 6 Aprili
Sikwenda kanisani. Dada amepeleka ugali na samaki gerezani. Wamepokea chakula, yeye hawakumruhusu kumwona. Nimeanza barua mara mbili, nikachana. Nikisema majina yalitoka wapi, watalitaka daftari. Ukurasa wa pili, chini ya jina la Ilunga, kuna langu. Tulifika pamoja kwenye kilio. Katika daftari zima, ni hilo tu nililoliruka.