Tumesikia, Tumeshukuru

Jumatatu, 3 Juni

Kiranja amenipigia simu nikiwa juu ya ngazi, brashi mkononi, naandika DUKA LA DAWA kwenye ukuta wa mtu. Hakusalimia. Hata shuleni hakuwa na salamu, alikuwa na majina ya wapiga kelele. Anasema shule yetu imejenga bweni jipya. Wahitimu wote tunaitwa Jumamosi ya wiki ijayo, na kamati imekaa ikaamua kibao cha jina niandike mimi.

"Nani mwingine, Brashi? Si wewe uliyeandika masanduku yetu yote?"

Kweli, ni mimi. Kila msichana aliyeingia bwenini kwetu na sanduku la bati, jina lake niliandika mimi, kwa rangi iliyobaki ya madirisha. Kazi ninayokula leo niliianzia pale, siwezi kukana. Nikafurahi, mjinga mimi! Nikauliza bweni litaitwaje.

Litaitwa jina la Madamu. Mwalimu mkuu wetu, yule yule. Alishastaafu, yu hai, na atakuja mwenyewe kuvuta kitambaa.

Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata. Nimeendelea kuandika, akili iko shuleni. Ile D ya DAWA imetoka na tumbo la mjamzito. Mwenye duka bado hajaiona.

Jumanne, 4 Juni

Nimeingizwa kwenye grupu la wahitimu bila kuulizwa. Meseji mia na ushee kabla ya saa nne! Mnakumbuka maharage yenye wadudu? Mnakumbuka maji ya baridi alfajiri? Mnakumbuka kupiga magoti kwenye kokoto? Ha ha ha. Mama wazima, wengine na wajukuu, wanachekelea kokoto.

Na kila meseji inaishia na ile ile: Tumesikia, tumeshukuru.

Ndiyo ilikuwa desturi ya Madamu. Mstarini asubuhi atasema lolote — maji hakuna, likizo imefutwa, fulani atachapwa — halafu anauliza, "Mmesikia?" Na sisi wote kwa sauti moja: "Tumesikia, tumeshukuru!" Hata fulani mwenyewe wa kuchapwa alishukuru.

Mimi nikaandika: Nimeona. Basi.

Mmoja akaniuliza, Brashi, umesahau jibu? Sijasahau, dada. Nimegoma.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda kwa wifi yangu. Nilikuwa nazunguka tu mitaani na baiskeli, najifanya natafuta kazi, mwisho nikajikuta mlangoni kwake.

Wifi ndiye Redio. Tulimpa jina hilo kidato cha kwanza kwa sababu alikuwa hazimiki. Anaongea akioga, anaongea akilala. Kaka yangu alimwona siku alipokuja kunitembelea shuleni, na miaka baadaye akamwoa hivyo hivyo, kiziwi, mdomo ukiwa mzima kabisa. Siku ya posa alinyoa masharubu yake aliyoyapenda kuliko mimi, ili mke asome midomo yake vizuri. Mpaka leo hajayarudisha.

Nilimkuta anashona mapazia. Cherehani anaisikiliza kwa kiganja — uzi ukikatika anajua kabla yangu mwenye masikio. Nikakaa mbele yake kwenye mwanga, nikamweleza habari ya bweni.

Hakusema kitu. Redio! Akakunja pazia, akalikunjua, akalikunja tena.

Niandike hapa, maana kwenye grupu hakuna anayekumbuka. Kidato cha pili. Sikio lilimuuma, mto wake ukawa na usaha, shuka langu tukalichana kumfungia kichwa. Tulimpeleka kwa Madamu. Madamu akasema anajidekeza, na tena wakaguzi wanakuja wiki hiyo, hataki kusikia shule yake ina wagonjwa. Asubuhi mstarini akasema mbele ya wote, "Redio yenu imeisha betri." Watu wakacheka! Halafu akauliza, mmesikia? Tukajibu. Kimya kikaingia. Na ndani ya kimya kile Redio peke yake, amechelewa, kwa sauti kubwa: "Tumesikia, tumeshukuru!"

Alikuwa hasikii tena. Alikuwa anatazama midomo yetu ikifunga, ndipo akajua zamu ya kujibu imepita.

Madamu akasema anamdhihaki. Akampigisha magoti kwenye kokoto mpaka akaanguka. Homa ilipopanda kichwani ndipo gari likapatikana. Daktari alimwambia mama yake: mngemleta mapema.

Hiyo ndiyo kokoto wanayoichekea.

Jumapili, 9 Juni

Nimelipuka. Kiranja kaandika kwenye grupu, "Madamu alitulea kama wanawe wa kuzaa." Nikasema potelea mbali! Nikaandika yote. Usaha, betri, kokoto, daktari. Nikamalizia: Jina hilo siliandiki, na atakayeliandika namjua atakuwa na mwandiko mbaya.

Zikaja methali. Kila mtu na methali yake, ya kusamehe, ya yaliyopita, ya wakubwa. Mwingine akasema zama zile ndivyo ilivyokuwa. Mwingine kanitumia ua. Kiranja akafuta ujumbe wangu — yeye ndiye admini, angekuwa nani mwingine — akaandika: Tusiharibu sherehe. Tumesikia, tumeshukuru.

Nilidhani adui zangu ni hao. Jioni kaka kapiga simu. Wifi yako amekasirika, anasema usije.

Amekasirika na nani?

Na wewe.

Jumatatu, 10 Juni

Nilikwenda hata hivyo. Yeye asiyenitaka anifukuze mwenyewe.

Akanifukuza! Mlangoni, sauti ile yake ya kuongea na mtu wa ng'ambo ya barabara, majirani wote wanasikia. "Nani alikutuma? Sikio ni lako? Umewaambia watu habari za mto wangu! Usaha wangu, kwenye simu za watu!"

Nikasema nilikuwa nakutetea.

"Nilikufa masikio, sikufa mdomo. Ungeniuliza."

Halafu akafanya ile anayowafanyia watu anaotaka kuwamaliza: akafumba macho. Ukisema na Redio akafumba macho, umezimwa wewe. Nikabaki nabwabwaja mbele ya mtu aliyefumba macho, mtaa mzima unatazama.

Nimerudi na hasira zangu. Mimi mbaya, sawa. Lakini jina siandiki.

Jumatano, 12 Juni

Kiranja karakanani kwangu, viatu vya ofisini juu ya vumbi la mbao. Anataka kuona kibao. Nikamwonyesha ubao: umepigwa msasa, umepakwa nyeupe, unang'aa. Herufi hakuna.

"Jumamosi ni mtondo, Brashi, siku tatu tu."

Najua kalenda.

Akakaa kwenye kopo la rangi, kwanza akalipangusa. Akaanza kwa upole. Anasema Madamu ni mzee sasa, anatembea na fimbo, hii ni furaha yake ya mwisho. Anasema na yeye alipigwa pale, zaidi ya wengi, na ndiyo iliyomfanya awe mtu. Nikamwuliza: ungekuwa nani usingepigwa? Mbwa? Akakwangua tone la rangi kavu kwenye kopo kwa kucha. Nikamwona kidogo yule msichana aliyekuwa analia chini ya blanketi kitanda cha juu yangu, nikataka kumshika bega.

Lakini akainuka akasema, "Usipoandika nitampa mwingine, anabandika stika." Stika! Mbele yangu! Nikamwambia kibao kitakuwepo, toka, unanikanyagia rangi.

Alhamisi, 13 Juni

Redio amekuja. Hakubisha hodi, huwa habishi, anasema haoni faida ya kubisha mlango ambao hatasikia karibu. Ana furushi. Kitambaa cha kijani, kizito, pindo safi, na kamba ya kuvutia.

"Kiranja ametafuta fundi wa kitambaa cha kufunikia kibao. Nimeiomba kazi."

Nikamwambia una wazimu.

"Nitazame," akasema. Sentensi yake hiyo, siku zote anawaambia watu wanaoongea wakigeuka pembeni. Nikamtazama. "Nakwenda Jumamosi. Nakwenda mwenyewe. Wewe utakaa kwenye kiti chako, utafunga bakuli lako, na usininong'oneze wala kunivuta kanga. Umenielewa, wifi?"

Nikauliza atasema nini. Akasema hajui. Jina si shida yake, waite hata bweni la paka. Anachotaka ni kitu kimoja: "Yule mama alikuwa anauliza kila siku kama tumesikia. Hakuwahi kungoja jibu. Safari hii atangoja."

Nikasema, na jina? Niandike?

"Brashi ni yako. Sikio ni langu. Kila mtu na chake."

Halafu akanichekea, akanipiga kibao cha mgongo, na akaanza kunipa umbea wa mtaa wao mpaka chai ikapoa. Nimepona moyo.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeandika BWENI LA. Herufi nyeusi, kivuli chekundu, sijawahi kuandika herufi nzuri hivi. Halafu nimefunga kopo.

Nyeupe iliyobaki inatosha jina lolote.

Kiranja kaomba picha. Nimempigia picha kibao kimefunikwa. Sapraizi, nimemwandikia.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika hapa hapa shuleni, kwenye benchi la korido, nje ya ofisi ya walimu. Kibao kiko pembeni yangu na kitambaa chake. Mwandiko mbaya, naandikia gotini.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Sisi mbele, wanafunzi wa sasa nyuma, soksi zimevutwa mpaka magotini. Harufu ile ile ya sakafu iliyosuguliwa! Nilitaka kulia, na sikutaka wanione. Tulikumbatiana na watu niliowasahau. Mmoja kanionyesha picha ya sanduku lake, jina bado linasomeka. Nilifurahi kweli, nisidanganye.

Madamu akaingia. Mdogo! Amekuwa mdogo, fimbo mkononi, miwani minene. Tukasimama wote. Miguu yangu ilisimama bila kuniuliza, nikaichukia.

Akaongea. Nidhamu, maadili, binti zangu. Redio yuko kulia kwangu, anasoma kila neno, hapepesi. Mwishoni Madamu akatabasamu, akasogea kwenye maiki, akauliza kama zamani:

"Mmesikia?"

Ukumbi mzima: "TUMESIKIA, TUMESHUKURU!" Na wale watoto wa nyuma nao — wanaijua! Bado wanaisema!

Makofi. Makofi yakaisha. Redio alingoja midomo yote ifunge. Ndipo akasimama, amechelewa, peke yake, sauti ya ng'ambo ya barabara:

"Mimi sijasikia, Madamu."

Watu wakacheka. Kiranja ndiye aliyecheka zaidi, anadhani ni kichekesho tulichoandaa. Madamu naye akacheka. "Nani huyo tena? Nauliza, mmesikia?"

"Sijasikia. Tangu kidato cha pili sijasikia."

Kicheko kilikatika. Nilikaa kwenye kiti changu, nilifunga bakuli langu, kucha zangu zimeingia kwenye paja. Madamu akavua miwani, akaivaa. Midomo yake ikasema kitu nje ya maiki. Sikukisikia, hakuna aliyesikia. Lakini niliona midomo. Alisema, "Redio."

Anakumbuka. Anakumbuka mpaka jina!

Na Redio aliona kabla yangu. "Ndiyo," akasema. "Mimi."

Kiranja akarukia maiki, anatangaza chai. Madamu akanyoosha fimbo kuelekea ofisi ya walimu. Redio akatangulia mbele yake bila kungoja kuitwa. Aliponipita alinibonyeza bega, basi. Mlango ukafungwa.

Dirisha la ofisi liko wazi kidogo. Nasikia.

Madamu anaongea chini chini, kwa muda mrefu. Naokota vipande: umri, wakaguzi, wizara, shule ilikuwa na hali ngumu.

Redio: "Unaongea na meza. Nitazame."

Kiti kimesogea.

Kiranja amekuja, jasho puani. Wageni wanasubiri bwenini, kibao kipandishwe sasa hivi. Kabla sijainuka ameshafunua pembe ya kitambaa. Amesoma. Amesoma tena. "Jina liko wapi?"

Nikamwambia brashi ninayo mkobani, rangi ninayo, nafasi ipo. Nangoja nijue niandike nini.

"Umechanganyikiwa! Niwaambie nini watu?"

Waambie bado.

Hakuondoka. Nilidhani atanipigia kelele. Amekaa benchini pembeni yangu, viatu vyake vizuri pamoja, kama tulivyokuwa tunakaa hapa hapa tukingoja kuitwa ndani. Naye sasa anasikiliza.

Ndani Madamu amesema kitu kifupi. Kifupi sana, neno moja au mawili. Kiranja ameshika mkono wangu, karibu aharibu mstari huu.

Redio: "Sijasikia. Sema tena, Madamu."

Fimbo imeanguka sakafuni. Hakuna aliyeiokota. Madamu amerudia, sauti imepanda kidogo.

Redio: "Bado."