Bunduki ya Kumtoa Ansel Garini

Jumatatu, 11 Septemba 2023

Delmar alikuja kuchukua mtungi wake wa gesi, akakaa saa nzima. Mdogo wangu hana kauli fupi. Ametangaza, kama vile yeye ni baraza la wilaya, kwamba siku ya kufungua msimu wa kwale mstari wa kufukuza ndege shambani utakuwa wa watu tisa. Majina anayo kichwani. Ansel hayumo. Ansel atabaki kwenye pikapu kulinda sandwichi. Mwaka wa nne!

"Shemeji hana bunduki," alisema, mbele ya shemeji mwenyewe.

"Na nikiwa nayo?" Ansel akauliza.

Delmar akacheka mpaka akakohoa. "Ukiwa nayo, Daktari Meno, halafu uvunje visahani vya shabaha kumi kati ya ishirini na tano vikirushwa hewani mbele ya macho yangu, utatembea kando ya dada."

Ansel si daktari. Anatengeneza meno ya bandia. Delmar mwenyewe anayo manne kinywani, kazi ya Ansel. Hajawahi kushukuru.

Alipoondoka, Ansel aliosha vikombe. Akasema, bila kugeuka, kwamba kuua ndege hakumsumbui wala hakumvutii. Anachotaka ni kutembea. Miaka mitatu ameniona kupitia kioo cha gari nikizama kwenye mtama, nikitokea upande wa pili nikicheka na watu wengine.

Nimesema tutanunua. Isizidi dola mia nne — paa la banda nalo linavuja.

Jumamosi, 16 Septemba

Mjini Sioux Falls. Duka kubwa kama hangari, limejaa wanyama waliokaushwa na wanaume wanaowafanania.

Muuzaji ni kijana mwenye ndevu za nabii. Nimewinda kwale tangu nina miaka kumi na mmoja. Ansel hajawahi kushika bunduki. Kijana alimchagua Ansel.

"Mzee, unawinda nini?"

"Muulize mke wangu," Ansel akasema.

Hakuniuliza. Alileta dude jeusi la geji kumi na mbili, yaani la mtutu mpana, jepesi kama mwavuli, la kulishwa risasi ndefu kama sigara za matajiri. Linaangusha hata bata mzinga, mzee! Nikauliza uzito. Akamjibu Ansel. Nikauliza urefu wa kitako. Akamtazama Ansel kwa huruma: "Mama anaulizia rangi? Ipo ya waridi, ya kina mama."

Gazetini nimehoji mawakili, maaskofu na mtu aliyechoma ghala lake mwenyewe. Nilidhani nimeshazoea.

Nilimwambia jambo moja tu: bunduki nyepesi yenye risasi nzito inapiga mbele na nyuma. Alitabasamu. Nyuma ya duka kuna uwanja wa kujaribia. Ansel akafyatua tano. Bega lake sasa lina rangi ya zabibu. Kisahani hakikuguswa hata kimoja.

"Inavutia," alisema. Ndilo neno analolitumia pia kwa jino lililooza.

Jumanne, 19 Septemba

Mji mzima umekuwa mtaalamu. Mhariri wangu, ambaye hawindi, anasema mitutu miwili ndiyo heshima. Fundi magari anasema nusu-otomatiki. Mchungaji anasema bunduki yoyote, muhimu moyo. Moyo haujawahi kumwangusha kwale.

Jioni mke wa Delmar alileta furushi. Ndani, kibunduki cha 410, mtutu mwembamba kama bomba la baiskeli. Salamu kutoka kwa Delmar: ni ya kuanzia, ndiyo aliyofundishiwa mwanawe akiwa na miaka tisa.

Haigongi bega, ni kweli. Pia inabeba punje chache za marisau, na ndege anayeruka anapenya katikati yake bila kujua kwamba amepigwa risasi. Ni silaha ya bingwa. Kumpa mgeni ni kumpa kijiko cha chai agawie supu harusini, halafu umcheke wageni wakilala njaa.

Delmar anajua hilo. Ndiyo maana ameileta.

Nimeirudisha na shukrani nyingi. Ansel anasema nilikuwa na adabu ya kutisha.

Jumapili, 1 Oktoba

Tangazo dogo la gazeti letu. Nililisoma kabla halijachapwa. Faida pekee iliyobaki ya kazi hii.

Leota Tschetter, mjane, anauza bunduki ya marehemu mumewe. Geji ishirini, mtutu mwembamba kuliko wa kumi na mbili, ya kukokiwa kwa mkono, chuma na mti wa jozi. Imekwaruzwa. Kutu hakuna. Uzito wa kutosha kumeza teke lake, marisau ya kutosha kwa kwale. Hakuna aliyekuwa ameiulizia. Kila mtu siku hizi anataka dude jeusi.

"Yako wewe?" Leota akaniuliza.

"Ya huyu."

Akampima Ansel juu mpaka chini. "Mrefu kama wangu. Naye hali chakula?"

Nilihakikisha haina risasi, nikamwambia Ansel afumbe macho, ailete begani, aelekeze ukutani, kisha afumbue. Unaona nini? Akasema anaona kitone cha shabaha kwenye ncha ya mtutu, kimetulia katikati, basi. Mara tatu. Kitone hakikuhama.

Hiyo ndiyo bunduki. Mengine yote ni ndevu.

Leota alitaka mia tatu hamsini. Nilianza kupunguza, akanikata. "Chukueni kwa mia tatu, na hii keki ya kuchen muimalize hapa hapa. Watoto wangu wanasema wanafunga sukari." Tuliimaliza. Ansel alikula vipande vitatu, naye Leota akamwangalia kila tonge mpaka la mwisho. Tulipotoka aliegemea mlango. Hakuitazama bunduki hata mara moja.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mtihani. Delmar alikunja mikono, akakunja na uso.

"Geji ishirini! Bunduki ya watoto, hiyo."

Visahani vitano vya kwanza Ansel alikosa vyote. Delmar alikuwa anahesabu kwa sauti, kama mnadani. Nikamwambia Ansel aache kulenga, aangalie kisahani tu, mikono itafuata. Akavunja cha sita. Cha saba. Mwishowe kumi na kimoja.

"Upepo ulikuwa upande wake," Delmar akasema.

Nikamkumbusha ahadi yake mbele ya watu wanne. Ansel ni wa kumi kwenye mstari, kati yangu na Delmar. Njiani alipiga mluzi, vibaya, mpaka nyumbani.

Jumamosi, 21 Oktoba

Naandika nimekaa kwenye ubao wa nyuma wa pikapu. Nina dakika chache.

Tulianza saa nne kamili, kama sheria inavyotaka. Mistari ya mahindi, kisha mtama. Ansel alitembea vizuri, bunduki juu, hakumtangulia mtu. Dume la kwanza alilikosa. La pili liliruka nikalichukua mimi. Akanishangilia kama mtoto!

Karibu na mwisho wa shamba, ndege mmoja akaruka kati yake na Delmar, akielekea kwenye jua. Ansel akapaza sauti: "Jike! Jike!" Ndivyo nilivyomfundisha. Majike hayapigwi, ni sheria.

Delmar akapiga.

Kahawia tupu. Hana pete nyeupe ya dume shingoni. Mbwa wa Delmar alimwokota kwa furaha kubwa, akamlaza miguuni pa bwana wake, mbele yetu sote. Na kule barabarani gari la afisa wa wanyamapori limesimama. Ni Renner, yule binti, na darubini yake. Mwaka juzi alimtoza Delmar faini kwa kuzidisha idadi ya ndege. Safari hii kibali chake cha kuwinda kinaweza kwenda.

Delmar alimjia Ansel mbio. Sijamwona akikimbia tangu harusi yake.

"Shemeji, sema ni wewe. Mgeni anaonywa tu, anaachwa."

"Mimi nilisema jike."

"Nilisikia jogoo!"

"Umesikia jike," nikasema. "Sote tumesikia."

Watu saba wakatazama viatu vyao.

"Shemeji." Sauti imeshuka. "Nafasi ni yako. Kila mwaka, kando ya dada. Hakuna tena mambo ya gari. Neno moja tu."

Ansel akautazama mtama. Najua anavyokuwa anapokataa, na huko hakukuwa kukataa.

Nikamkumbusha Delmar kwamba bunduki ya watoto inatema maganda ya risasi ya njano, na ganda lililo ndani ya bunduki yake ni jekundu. Renner anajua rangi.

Hapo akafanya jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu, hata mimi. Ile bunduki yake ya Kiitaliano, yenye nakshi za fedha, ambayo mkewe haruhusiwi kuifuta vumbi — aliisukuma mikononi mwa Ansel. "Tulibadilishana. Ulikuwa unaijaribu. Basi."

Ansel ni mtu wa adabu. Ukimpa kitu, anapokea.

"Dada, weka kalamu chini," Delmar anasema.

Sijaiweka.

Renner ameingia, amefunga lango nyuma yake. Anakuja polepole, anakwepa matope. Ansel ameegemeza ya kwake kwenye uzio. Ameifungua ya Delmar katikati, kama nilivyomfundisha kufanya na silaha ya mwenzake, na ganda jekundu limedondoka juu ya kiatu chake. Ameliacha hapo. Sasa ameinyoosha bunduki mbele, wazi, kitako kikimwelekea Delmar.

"Shika yako, shemeji."

Delmar ametia mikono yote miwili mifukoni.

Renner ametusalimu. Anauliza hiyo ni ya nani.