Pochi Yangu Sasa Ina Jina

Mitunguu,
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Kwa mdogo wangu Mwenda,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye joto. Natumaini baridi ya Embu imekuhurumia, na kwamba kile kifua kilichokusumbua Aprili kimepona. Mimi ni mzima kwa neema za Mungu, isipokuwa goti la kushoto, nalo ni la kuinama shambani. Najua hukutarajia barua yangu. Nimempa binamu yetu Sheila akufikishie mkononi, na nakuomba usiichane kabla ya kufika mwisho.

Kwanza habari njema, maana nina furaha hadi nashindwa kukaa. Pochi yangu ya mtandaoni imepata jina. Labda umesikia kazi ninayofanya siku hizi: kampuni moja ya ng'ambo hunitumia sauti za watu wakizungumza Kimeru, nami naziandika na kuzitafsiri, kisha wananilipa kwa sarafu za mtandaoni. Anwani ya pochi hiyo ilikuwa herufi na tarakimu arobaini na mbili, utadhani kuku alitembea juu ya kibodi. Mwezi wa pili nilimwandikia mteja mpya anwani hiyo, nikakosea mahali, mfumo ukaikataa mara tatu. Mteja akachoka, kazi akampa mtu mwingine. Nilinuna wiki nzima.

Basi Kiunga, yule mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na kinu cha posho, akaniambia kwamba siku hizi mtu anaweza kusajili jina likasimama mahali pa tarakimu zote hizo. Unalipia kwa mwaka, na ukishalichukua, hakuna mwingine duniani anayeweza kuwa nalo. Nilivuta kiti papo hapo. Tukaandika Kendi, tukakuta limeshachukuliwa. Niliudhika kana kwamba mtu amevaa nguo zangu akaenda nazo sokoni. Tukajaribu majina mengine manne, yote yana wenyewe. Mzee Mukiri, mwenyekiti wa chama chetu cha ndizi, alikuwa pale akingoja kutolewa nakala, akauliza tunahangaikia nini ilhali watu wote huniita Kendi wa Mitunguu. Tukaliandika kwa mkupuo mmoja, kendiwamitunguu, na lilikuwa wazi. Nikalipia miaka mitatu kwa pamoja.

Mwenda, ungeniona. Kiunga alinitumia sarafu kidogo za kujaribu, akaandika jina tu, zikaingia. Alisema imeweza, nami nikapiga makofi peke yangu. Mzee Mukiri akataka kujua kama naye anaweza kumsajilia fahali wake jina. Jumapili niliomba nafasi kwenye matangazo ya kanisa, nikawaeleza waumini. Mchungaji aliuliza kama pochi hiyo inajua zaka.

Siku hiyo ya kusajili, Kiunga aliniuliza kama ningependa jina lionekane kwa kila anayeitazama anwani yangu. Nilimjibu kwamba jina la kufichwa halina faida, nikabonyeza ndiyo. Jumatatu akanifungulia ukurasa ambapo mtu yeyote anaweza kusoma yaliyoingia na kutoka kwenye pochi, akidhani nitafurahi zaidi. Jina langu lilikuwa limekaa juu ya kila kitu, hata malipo ya miaka mitatu iliyopita, wakati pochi ilipokuwa tarakimu tupu. Mara saba lilisimama kando ya malipo yaliyokwenda kwenye pochi moja ya mtu aliyeko Embu.

Pochi hiyo ni yako. Mfadhili wako ni mimi.

Unakumbuka tulivyoachana baada ya kumzika Mama. Ulitaka tuuze shamba lake upate karo, mimi nikakataa kutia sahihi. Ukasema mbele ya wazee kwamba hutakula tena kitu kilichotoka mkononi mwangu, na kwamba huna dada. Tangu siku hiyo hushiki simu zangu. Nakujua ulivyo. Ningekutumia karo kwa M-Pesa, ungeona jina langu ukairudisha kabla sijaweka simu chini. Pochi ilikuwa haina jina. Ndipo nikamwendea Mwalimu Njoki wa chuoni kwenu, nikamsihi akwambie kuna mfadhili asiyetaka kujulikana, anayelipa kwa sarafu hizi. Usimlaumu, ni mimi niliyemwapisha.

Barua zako za shukrani alizileta kwangu, ninazo zote saba. Katika ya pili uliandika kwamba huna mtu yeyote hapa duniani. Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikaenda kumwagilia ndizi. Katika ya tano ulimwombea mfadhili wako mume mwema. Huyo bado hajafika.

Kiunga alinieleza kwamba naweza kuliondoa jina kwenye ile anwani kwa dakika moja, nawe usijue kamwe. Nilikaa mbele ya kompyuta hadi akaniuliza kama naumwa. Sikuliondoa. Nimechoka kuwa tarakimu kwako, Mwenda. Naogopa, sikufichi, umebakiza muhula mmoja tu, na hasira ni hasara. Lakini karo hiyo ya mwisho nitaituma Jumatatu saa nne asubuhi, na safari hii utaona imetoka kwa nani. Ukiirudisha, nitajua kiapo chako ni kikubwa kuliko mimi, wala sitatafuta tena njia ya kujificha. Shamba la Mama liko lote. Sikukataa kuliuza ili liwe langu. Upande wa juu, penye mwembe ulioanguka, nimekuachia mahali pa kujenga.

Mzee Mukiri anakusalimu, na Kiunga vilevile. Mfikishie Mwalimu Njoki shukrani zangu. Sheila mpe chai kabla hajarudi, ametoka alfajiri. Mungu akutunze katika mitihani.

Jumatatu usimwandikie mfadhili barua ya nane. Saa nne na nusu nitakupigia. Shika simu.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja,

Kendi