Sabufa na Mtungi wa Mama

Jumapili, Masasi. Manyunyu tangu alfajiri, na mimi nimeikasirikia sabufa.

Niliinunua wiki iliyopita, nikaiunga na zile spika zangu mbili ndogo za kompyuta. Kila mtu aliniambia nitafurahi. Sijafurahi. Sauti inatoka mezani, besi inatoka kule kwenye kona nilikoisukuma, kila moja na safari yake. Na leo Baba alikuwa anakuja kutoka Newala kusikiliza kanda ya Mama.

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia Newala kununua korosho, Baba alirudi nyumbani na redio kaseti. Besi yake ilikuwa haba, kwa hiyo akachomoa spika moja, akaifudikiza kwenye mdomo wa mtungi wa maji wa Mama. Mlio ukawa mnene, majirani wakaja kushangaa. Mama hakushangaa. Maji tuliyafuata bondeni, tukapanda nayo kichwani, halafu mtungi ukafanywa mwanamuziki.

Siku moja Mama alimgomba Baba huku Baba anahangaika na vitufe vya redio, kumbe amebonyeza cha kurekodi. Ndiyo sauti pekee ya Mama tuliyobaki nayo tangu atutoke.

Anagomba.

"Baba Salima, mtungi wangu utaurudisha lini? Maji nitie wapi, kwenye redio yako?" Salima ni mimi. Kanda nimeihamishia kwenye kompyuta, na ninaipenda kuliko picha zake zote.

Baba alifika saa nne. Shikamoo, marahaba, akakaa kusikiliza kabla hata ya chai. Nilipowasha, besi ikaunguruma, Mama akazama humohumo. Baba akatazama chini. Nakiri, nilitaka kumwonyesha sabufa kuliko kumsikilizisha Mama. Nikaona aibu.

"Zima hilo, mwanangu," akasema. "Simsikii."

Sikuzima. Niliitoa kwenye kona, nikaiweka chini ya meza karibu na spika, nikapunguza besi kidogo kidogo mpaka nikadhani imekufa. Nikaanza upya. Sauti ya Mama ikatoka safi, na chini yake, kwa mbali, du, du, du. Spika ndogo peke yake hazikuwahi kunipa mlio ule.

"Anatwanga," Baba alisema. "Kumbe alikuwa anatwanga."

Nilikuwa nimesahau kwamba Mama hakuwahi kugomba akiwa amekaa bure.

Tukarudia. Mama alipofika pale anapouliza mtungi utarudi lini, Baba akamjibu taratibu, kama mtu aliyeulizwa asubuhi hii.

"Nitaurudisha, Mama Salima."

Mtungi ulipasuka mwaka uleule, na yeye anajua. Sikumkumbusha. Nimechora alama ya kalamu kwenye kitufe cha besi, pale pale kiliposimama. Kesho na siku zote, asikiguse mtu.