Siku Mama Mkwe Alipoketi Ubavuni Mwangu Mtoni

Dada yangu Nduku,

Kama huko Tawa bado kuna mtu anauliza Kilonzo yuko wapi, mwambie huu Mto Tana siku hizi hauteremki mpaka uniulize mimi kwanza. Wageni wakifika hapa kambini wanauliza, "Kilonzo yuko?" Wakiambiwa yuko, ndio wanavaa majaketi ya kuelea. Wakiambiwa ameenda Sagana kununua sabuni, wanakaa chini wanasubiri.

Lakini kwanza, goti lako? Ile dawa ya kupaka niliyotuma ilisaidia, ama ulimpaka ng'ombe? Mwikali aliniambia ndengu zimetoa maua, mbaazi ndizo bado zinafikiria. Mimi mwilini ni mzima. Kichwani ndio sijatulia tangu Jumamosi, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu. Simu yako inapokewa na watoto, wanaweka sauti ya nje, na haya si ya watoto.

Nduku, mimi nimeshikana na mama mkwe. Mikono kwa mwili. Mchana, watu wakiona.

Keti kwanza. Nitaeleza.

Unajua Mutheu wangu wa Nairobi alisema safari hii familia ije likizo huku nilipo, wapande boti za mpira, waone kazi ya baba. Nikasema karibuni. Nilijua ni Mutheu, msichana wake Mwende, na mke wangu Mwikali. Gari likafunguliwa, akashuka Mutheu, akashuka Mwende, akashuka Mwikali, halafu nikaona mkongojo. Huo mkongojo naujua. Ni wa Kwa Vonza. Mama yake Mwikali mwenyewe, na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Nikaingia nyuma ya tangi la maji nikajibanza huko mpaka akapita.

Wewe unanijua kwa mambo ya nthoni. Tangu nimuoe Mwikali sijawahi kumpa huyo mama mkono, sijawahi kula mbele yake, wala neno langu halijawahi kumfikia bila kupitia kwa mtu. Nikimwona njiani naingia katika shamba la watu. Pasta wenu anasema hayo ni ya zamani. Mama anamwimbia pasta kwaya vizuri sana, lakini kwa nthoni hasikii mtu. Hapo tu ndipo mimi na yeye tunapatana.

Kwa hivyo nikapanga boti mbili, yeye ya mbele, mimi ya nyuma, mbali kabisa. Asubuhi boti moja ikapatikana imelala chini kama chapati, hewa yote imetoka. Kazi ya kujaza hewa hapa ni ya nani, tuache hiyo. Kariuki, kijana anayeongoza boti, akasema, "Mzee, imebaki moja. Mtabanana tu."

Nikamwambia Mwikali, "Mwambie mama abaki kwa kivuli. Haya maji si ya wazee."

Mama alikuwa papo hapo, amenigeuzia mgongo. "Mwikali, mwambie baba Mutheu mimi sikutoka Kwa Vonza kuja kuangalia maji kama ng'ombe."

"Mwambie atalowa."

"Mwambie mimi nimelowa kwa mvua ya shamba kabla yeye hajazaliwa."

Mwende akacheka mpaka akakaa chini. "Babu, si umwambie mwenyewe? Si huyo hapo!"

Tukapanda. Sasa Kariuki si wa kwetu, hajui lolote, anapanga watu kwa uzito. Akaniweka nyuma, sawa. Halafu akamleta mama akamketisha ubavuni mwangu. Nduku! Goti lake hapa, langu hapa. Nikavuta ile kofia ngumu mpaka puani. Yeye akafungua kitambaa akajifunika uso. Hivyo ndivyo tulivyoanza safari, watu wawili wasioona mto.

Maji yakiwa bado mapole nikasikia ameinama, anayagusa. "Mwikali, haya yote yanaenda wapi?"

"Baharini, mama."

Nikamsikia akikung'uta mkono. "Na sisi tunachimba mchanga mpaka kiunoni tupate debe moja. Wanayaacha tu yaende?"

Nduku, hiyo sauti ilinipiga. Mimi naishi kando ya haya maji na sikuwa nimewaza hivyo hata siku moja. Nikasema, "Mwikali, mwambie mama ni kweli kabisa." Mwikali akasema, "Mimi nimechoka kuwa simu yenu."

Hapo mto ukageuka. Wimbi lililosimama mbele yetu lilikuwa refu kuliko kanisa lenu na kengele yake juu. Nyuma yake niliona mamba. Mutheu anasema ni gogo, lakini gogo gani lina macho? Kariuki akapiga kelele, "Shikaneni! Kila mtu ashike jaketi ya jirani!"

Mwikali akamshika Mutheu, Mutheu akamshika Mwende. Na jirani yangu mimi ni nani? Nikatazama bega la mama, nikatazama mkono wangu, nikaurudisha mfukoni. Naye mama akakunja mikono kifuani. Boti ikaruka, nikaruka nayo, halafu boti ikarudi chini bila mimi.

Mtu mwingine angekufa. Mimi nilienda chini mpaka nikakanyaga mawe ya mto, nikawaangalia samaki, wakaniangalia, nikapanda. Na nilipotokea juu, mimi na mama mkwe tulikuwa tumeshikana. Maji yalikuwa mengi, siwezi kusema zaidi.

Tulipofika ukingoni mama aliteremka akaenda zake. Nyama niliyomchomea hakugusa. Alikunywa chai ya rangi peke yake nyuma ya gari, uso kichakani. Wakati wa kuondoka akamwambia Mwikali, kwa sauti ya kunifikia, "Hili litamalizwa nyumbani." Mlango ukafungwa.

Na mwezi wa nane watu wa mume wake Mutheu wanaleta mbuzi za ntheo, ndoa ikamilike kwa mila yetu. Bila bibi yake Mutheu kuketi hapo hakuna kitu, na bibi hawezi kuketi kwangu hili likiwa limelala katikati yetu. Mutheu amengoja siku hiyo tangu Mwende akiwa mgongoni. Dada, nakuomba. Chukua beberu wangu mwekundu umpeleke Kwa Vonza, wewe mwenyewe, usitume mtu. Mwombe mama kwa niaba yangu. Wewe anakusikia.

Msalimie shemeji, mume wako, mwambie yule punda pia ni kiumbe. Mama mdogo anayeuza ndengu sokoni mwambie nimekonda, lakini ni kwa sababu ya vyeo. Na kaka yetu mdogo anayenichungia mbuzi, msalimie sana, na umwambie mwekundu ni yule mwenye sikio lililokatwa, asikupe mwingine.

Ni mimi ndugu yako, anayejulikana mto mzima,

Kilonzo

Kabla sijafunga bahasha. Mama atakuuliza, "Mkwe wangu amesema nani alimshika nani?" Pale sokoni nilishapiga simu nikasema nimemwokoa. Yeye usimwambie hivyo. Ni yeye aliyenivuta, kwa mshipi wa suruali, mkono wake mwingine ukishikilia kamba ya boti. Mutheu anawaambia watu kwamba nilikuwa nikimlilia Mungu. Sikuwa nikimlilia Mungu. Nilikuwa nalia, "Mama, nishike! Mama, nishike!" na sikupitisha kwa Mwikali.