Gauni la Binti wa Kinyozi

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimetulia. Huku tunashukuru. Baba yako anakula, mimi nalazimishwa.

Najua inakuuma kwamba kazini hawakukuruhusu kuja kumzika bibi yako. Usijilaumu, kazi ya watu ni ya watu. Waombolezaji walijaa mpaka barabarani, na karibu kila mwanamke aliyekuja alikuwa amevaa kitu alichoshonewa na mama, Bi Mkasi wao. Mmoja alinishika mkono akaniambia, "Bi Mkasi ndiye aliyenivisha siku niliyoolewa."

Sasa kuna jambo. Chumba chake cha kushonea nimekifunga. Ndani kuna gauni la harusi la binti wa kinyozi, limevishwa ile sanamu ya kupimia. Mkono mmoja umekwisha, wa pili umeanzwa tu, sehemu kubwa imeshikizwa kwa pini. Sindano yake bado imechomekwa begani. Jioni ile aliniambia, "Huu mkono nitaumalizia kesho," akaenda kulala, ikawa ndiyo basi.

Harusi ni mwanzoni mwa Mei. Msichana huja, husimama mlangoni, huuliza hali zetu, huondoka. Yeye anaona haya kulitaja gauni, na mimi naona haya kumwambia kwamba siwezi kuvumilia mtu mwingine akiligusa. Wewe ndiye uliyekulia chini ya cherehani ya bibi yako. Nifanye nini?

Ni mimi mama yako

14 Machi

Mama yangu,

Shikamoo, na pole tena. Mimi mzima, kifua kimepona. Hapa hospitalini bado niko chumba cha kufulia. Juzi lilipita shuka lenye pindo lililoshonwa kwa mkono. Nikasimama nalo mpaka msimamizi akaniuliza kama nimeona mzimu. Nikamwambia nimemkumbuka bibi yangu. Akasema, "Nenda kanywe maji." Nikaenda, nikalia nikatosheka, nikarudi kazini.

Kuhusu gauni, usinikasirikie. Mpe Bi Pindo.

Najua, Mama. Najua duka lake linatazamana na nyumba yetu na hakuna salamu iliyovuka barabara ile tangu sijazaliwa. Hata vifungo nilikatazwa kununua kwake. Lakini tukipita pale, Bibi alikuwa akipunguza mwendo. Anajifanya kiatu kinambana, anainama, kumbe macho yako kwenye nguo zilizotundikwa. Tukishapita ananiambia, "Yule mwanamke ana ulimi kama wembe. Lakini pindo zake, mjukuu wangu, unaweza kuzivaa nje ndani."

Sikuwahi kumsikia akimsifu fundi mwingine yeyote, hata kwa bahati mbaya.

Mwanao

25 Machi

Mwanangu,

Barua imefika. Sisi wazima. Mwanamke huyo hata mazishini hakutia mguu. Jambo hilo tusiliongee tena.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako

20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hali yako? Nimeandika, nimeandika tena, kimya. Kama nimekuudhi nichape kwa kalamu, ila usininyamazie. Bibi akikasirika alikuwa anakufokea hapo hapo, halafu anakuuliza kama umekula. Hasira za namna hiyo ndizo nilizozizoea.

Umekula?

Mwanao anayekungoja

9 Mei

Mwanangu mpenzi,

Nimekula, tena nimenenepa, utanicheka. Baba yako hajambo. Nisamehe kwa ukimya. Mikono ilikuwa na kazi, na moyo pia.

Kinyozi mwenyewe alikuja, kofia mkononi, akaniambia binti yake ameanza kutafuta gauni la kuazima ili asinisumbue. Hapo niliona aibu. Nikavaa viatu, nikavuka barabara.

Bi Pindo alikuwa anapiga pasi. Aliponiona aliiweka kando. "Umekuja kunisuta kwa sababu sikuja kumzika."

"Nimekuja kukuomba umalizie kazi yake."

Aliikunja ile nguo aliyokuwa akiipiga pasi. Kisha akasema, "Nilikuja. Nilisimama pale kwenye kona. Ningeingiaje? Ningelia kama nani?"

Nikamfungulia chumba. Akalizunguka gauni, akaligeuza akachungulia upande wa ndani, akatoa kicheko kilichoishia kwenye kilio. "Mkaidi huyu! Bado alikuwa anashona kwa mkono mahali ambapo hakuna atakayeona." Akachomoa ile sindano begani, uzi ukiwa bado umo, akaendelea pale mama alipoishia.

Alikuwa akishona huku akisimulia. Walijifunza ufundi pamoja wakiwa wasichana, benchi moja, mkasi mmoja. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa nini? Vibao! Kila mmoja alifungua duka lake, kila mmoja akaandika "Fundi Namba Moja", na kila mmoja akangoja mwenzake afute. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Amenipa mama nisiyemjua: msichana mtundu, mwimbaji mbaya, aliyewahi kuishona suruali ya mwalimu wao akaziba miguu yote miwili.

Binti wa kinyozi ameolewa Jumamosi. Gauni lilimkaa utadhani amezaliwa nalo. Nilikodoa macho kutafuta mkono upi ni wa mama na upi ni wa Bi Pindo, nikashindwa.

Bado anakuja, maana kuna wateja wengine wa mama waliokuwa wakingoja. Jana nilikuwa jikoni, cherehani inaita kule chumbani, na maneno yakanitoka yenyewe: "Mama, chai tayari!"

Cherehani ikasimama. Nami nikasimama, birika mkononi.

Halafu Bi Pindo akaitika, polepole, "Naja, mwanangu. Sukari kidogo tu."

Nikajifuta uso, nikamimina.

Ni mimi mama yako