Maua ya Mama kwenye Bango Langu

Mama,

Chai iko kwenye chupa. Ukitoka funga dirisha, paka asiingie.

Sasa tuongee. Ile nafasi nyeupe kwenye bango la fundi cherehani, kazi yangu ya kwanza ya usanifu, niliiacha makusudi ili jicho lipumzike. Wewe asubuhi umeijaza maua kwa kalamu ya bluu, eti karatasi isipotee bure! ~~Usiguse tena meza yangu.~~

Nimemtumia fundi picha nikimwomba radhi. Amejibu: jina la duka lipunguzwe, maua yaongezwe.

Basi kalamu hiyo hapo. Mimi nakimbia kumzuia mpiga chapa asichape ile nakala niliyompa jana, isiyo na maua. Nikirudi nisikute nafasi hata ya sisimizi kupita.

Bintiyo,
~~msanifu~~ msaidizi wako